Jibu la mtaalamu: Bustani ya mwaka 1699 inayojitokeza kwenye nyasi za Chatsworth

SWALI

Naishi Sheffield. Kiangazi cha 2022 niliwapeleka wanangu kwenye jumba la Chatsworth. Nyasi zilikuwa zimeungua kwa jua, na upande wa kusini wa jumba nikaona mistari na miviringo mikubwa imejichora chini. Mfanyakazi mmoja akatuambia ni bustani ya zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Inawezekanaje maua yaliyokufa zamani hivyo yaonekane leo? Mnajuaje yalikuwa maua gani? Kwa nini hawaifukui ionekane yote? Na kwetu pwani je, kuna bustani kama hizo chini ya ardhi?

Msomaji, Sheffield, Uingereza

JIBU

Dada yangu, maua yale yalioza kitambo, mizizi yake na tunguu zake za chini ya ardhi pamoja. Mliyoyaona ni mabaki ya kazi ya mikono: njia zilizopimwa kwa kamba, kokoto zilizomwagwa na kushindiliwa, mitaro iliyochimbwa kwa jembe na kujazwa udongo mzuri ulioletwa kutoka kwingine. Bustani hufa upesi sana, pengine msimu mmoja bila mtunzaji unatosha. Lakini ardhi ikishachimbwa hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa, hata ipite miaka mia tatu. Ukilishika hilo, maswali yako mengine yote yanafunguka.

Bustani mliyoiona iliwekwa mwaka 1699, wakati William Cavendish, Duke wa Kwanza wa Devonshire, alipokuwa akilijenga upya jumba lake. Ilikuwa na urefu wa futi 473 na upana wa futi 227, yaani kama mita 144 kwa 69. Ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Zama zile kila tajiri wa Uingereza aliyetaka kuheshimiwa aliutazama mtindo wa Ufaransa, hasa wa Versailles, jumba la wafalme wa huko. Mbele ya jumba panasawazishwa kabisa, kisha panachorwa matuta ya maua, vichaka vifupi vilivyokatwa kwa ustadi na njia za kokoto, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto. George London na Henry Wise, watunza bustani waliokuwa na jina kubwa kuliko wote Uingereza wakati huo, walifanya kazi Chatsworth. Mchoro wa aina hii hukamilika ukitazamwa kutoka juu, kwenye madirisha ya vyumba vya wakubwa. Mgeni akifungua dirisha asubuhi, utajiri wa mwenyeji wake umetandazwa chini mbele ya macho yake.

Haikudumu. Kufikia mwaka 1730 hivi ilikuwa imeshafunikwa nyasi. Mtindo ulibadilika: wenye mali wakaanza kuona mistari iliyonyooka ni ushamba, wakataka vilima, maziwa na makundi ya miti yanayoonekana kana kwamba yamejiotea. Miaka ya 1760 Lancelot Brown, yule waliyempa jina la Capability, alifanya kazi Chatsworth pia, akaigeuza mandhari ya bondeni iwe hiyo mnayoiona leo. Gharama nazo zilichangia. Bustani ya michoro inakula watu: kupalilia, kukata vichaka, kung'oa majani yanayoota kwenye kokoto, kupanda upya kila msimu. Nyasi zinahitaji mundu na kondoo tu.

Walioamua kuiondoa hawakuwa na sababu ya kung'oa kila kitu. Kufunika ni rahisi kuliko kuzoa. Kwa hiyo nyumba nyingi kubwa za Uingereza zimebaki na bustani mbili au tatu zilizolaliana, kila kizazi kikipanda juu ya kazi ya kizazi kilichotangulia.

Sasa tuje kwenye ukame. Kiangazi kile cha 2022 joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, na kabla yake kulikuwa na ukame wa 2018 ambao nao uliitoa bustani hiyohiyo. Palipokuwa na njia, mizizi ya nyasi inashuka kidogo tu kisha inagonga kokoto zilizoshindiliwa, na kokoto hazishiki maji. Mvua zikikata kwa wiki kadhaa, nyasi za hapo hunyauka kwanza na kugeuka njano. Pembeni yake tu, palipokuwa na tuta la maua, udongo ni wa kina na umelishwa samadi miaka mingi. Nyasi za hapo hubaki kijani siku kadhaa zaidi. Tofauti ya siku hizo chache ndiyo inayochora picha. Ukame ukizidi mno, nyasi zote hufa na mchoro hupotea. Mvua moja nzuri nayo huufuta upesi. Mlibahatika kufika katikati.

Hutokea pia rangi zikageuka. Baadhi ya bustani za zama zile zilijazwa vitu visivyoota kabisa katikati ya mapambo yake: vumbi la matofali kwa rangi nyekundu, makaa ya mawe kwa nyeusi, mchanga kwa njano. Hapo kinachokauka mapema ni ua lenyewe la mchoro, na njia inaweza kubaki kijani. Ndiyo maana hatusomi alama za nyasi peke yake. Tunazilinganisha na michoro ya zamani, na kwa Chatsworth tuna bahati kubwa: Leonard Knyff aliichora mwaka uleule wa 1699, jumba na bustani zake zote, kama anavyoona ndege aliye angani, na Johannes Kip akaichonga picha hiyo ili ichapishwe. Kilichotokea kwenye nyasi kinaweza kuwekwa kando ya picha ya mtu aliyekuwepo.

Kuna viumbe wengine waliotusaidia, nao ni minyoo ya ardhini. Mwanasayansi Charles Darwin alitumia miaka mingi nyumbani kwake Kent akipima jinsi minyoo inavyopandisha udongo laini juu ya ardhi na kuyaacha mawe yazame taratibu, na mwaka 1881 akachapisha matokeo yake. Njia ya kokoto ikiachwa bila kutunzwa, minyoo huizika yenyewe, sentimita kwa sentimita, bila kuivuruga umbo. Kwenye matuta ya maua hali ni tofauti. Yale yalilimwa kila mwaka, na kila kilimo kilifuta alama za kilimo cha mwaka uliopita. Mtu akiniuliza bustani iliyozikwa inaongea wapi vizuri zaidi, namwelekeza kwenye njia kabla ya matuta. Ukishazijua njia zote na kingo zake, umejua umbo la kila tuta lililokuwa katikati yake.

Umri wa bustani haubadilishi kanuni hii. Kiangazi cha 2018 kwenye jumba la Gawthorpe, Lancashire, ilijitokeza bustani ya mbunifu Charles Barry ya miaka ya 1850, ambayo ilikuwa imeondolewa mwaka 1946 tu. Bado walikuwapo watu waliozaliwa kabla haijaondolewa.

Kuhusu maua yenyewe, nitakujibu waziwazi: mara nyingi udongo hautuambii. Watu wengi hudhani chavua hujibu kila kitu. Lakini maua ya mapambo, kama tulipu na karafuu za bustanini (maua ya carnation, si karafuu ya kiungo), hutegemea wadudu kubeba chavua, kwa hiyo hutoa kidogo mno ukilinganisha na misonobari au nyasi ambazo hurusha chavua yake kwa upepo. Chukua sampuli katikati ya tuta la tulipu na utakachopata kwa wingi ni nyasi na miti ya jirani. Mbegu huhifadhika pale tu penye majimaji yasiyo na hewa, kwenye visima vya zamani, mabwawa na mahandaki yaliyozunguka nyumba, au zikiwa zimeungua na kuwa mkaa. Tukibahatika kupata kisima kilichotupiwa takataka za bustani, tunakichunguza kijiko kwa kijiko.

Kwa sehemu kubwa majina ya mimea tunayapata kwenye karatasi: hati za malipo za wauzaji wa miche, barua, orodha za watunzaji. Ardhi hutupa mpangilio. Ukiviunganisha viwili hivyo unapata bustani kamili, na hakuna mahali palipolionyesha hilo vizuri kama ngome ya Kenilworth, katika Warwickshire. Huko mwenyeji wake, Robert Dudley, alimkaribisha Malkia Elizabeth wa Kwanza kwa siku 19 mwaka 1575, na mtu mmoja aliyekuwemo kwenye msafara aliandika barua ndefu akieleza bustani aliyoiona, pamoja na chemchemi ya marumaru nyeupe yenye pande nane. Kwa muda mrefu wasomi walibishana kama mwandishi yule alikuwa anatia chumvi. Wanaakiolojia walipochimba miaka ya 2000, wakakuta msingi wa mawe wenye pande nane, na vipande vya marumaru ya Carrara, Italia. Barua ilikuwa kweli. Bustani ikatengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009.

Niruhusu nikuonyeshe kwa karibu jinsi tuta linavyoonekana chini ya mwiko wa mchimbaji, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Mfano ulio wazi zaidi Uingereza ni wa kale kuliko Chatsworth kwa miaka 1,600: jumba la Kirumi la Fishbourne, Sussex, lililogunduliwa mwaka 1960 mafundi walipokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji. Mwanaakiolojia Barry Cunliffe alilichimba katika miaka ya 1960. Ardhi ya pale ni mfinyanzi uliochanganyika na mawe. Mmea haustawi humo. Watunzaji wa Kirumi walijua hivyo. Walichimba mitaro myembamba wakaijaza udongo tifutifu. Miaka 1,900 baadaye, ukiondoa udongo wa juu na kuparuza taratibu kwa mwiko, sakafu ya mawe na mfinyanzi inatokea, na ndani yake mstari wa udongo mweusi laini usio na mawe, kingo zake zimekatwa wima. Mwiko unaliaga jiwe na kuingia kwenye ulaini, na mkono unaisikia tofauti kabla jicho halijaiona. Ukiufuata mstari ule unapinda, unafanya nusu duara, kisha pembe nne, kisha nusu duara tena. Hapo ndipo ulipooteshwa uzio wa vichaka vya mboksi, vyenye majani madogo yasiyopukutika, pembeni ya njia pana. Leo vichaka vimepandwa tena kwenye mitaro ileile. Nusu ya kusini ya bustani hiyo iko chini ya nyumba za watu, na haijachimbwa.

Kuna jambo jingine ambalo mistari ya nyasi inalificha, nami sitaki lipite. Jumba huitwa kwa jina la mwenye nalo, na bustani huitwa kwa jina la mbunifu, ila mitaro ilichimbwa na vibarua ambao majina yao hayakuandikwa. Kwenye shamba la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kule Monticello, Virginia, jambo hili ni zito zaidi. Bustani yake ya mboga ilikuwa kwenye ngazi ya ardhi iliyosawazishwa, yenye urefu wa futi 1,000, iliyokatwa ubavuni mwa kilima na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Mwanaakiolojia William Kelso na wenzake walipochimba kuanzia mwaka 1979, walikuta mashimo ya nguzo za uzio na madoa ya udongo mweusi pale mizizi ya miti ya matunda ilipoozea, sawa na Jefferson alivyoandika kwenye kumbukumbu zake. Karibu kabisa na bustani hiyo, kwenye barabara iliyoitwa Mulberry Row, walichimba pia mabaki ya vibanda vya watumwa hao. Bustani na vibanda vinapaswa kusomwa pamoja. Uchimbaji unaotoa njia za kokoto na kuwasahau waliozishindilia ni uchimbaji nusu.

Sasa swali lako la kufukua. Jibu langu ni kwamba Chatsworth wanafanya vyema kuiacha. Kuchimba ni kuharibu: udongo ukishaondolewa, mpangilio wake hauwezi kurudishwa, na kinachobaki ni kile tu tulichofanikiwa kuandika na kupiga picha. Bustani ile iko salama chini ya nyasi, hakuna barabara wala jengo linaloitishia, na zipo njia za kuisoma bila kuigusa. Tunapitisha umeme kidogo ardhini na kupima ukinzani wake. Kokoto kavu hukinza umeme kuliko udongo wenye unyevu, na njia zinajichora kwenye kompyuta hata mwaka wa mvua nyingi. Tunatumia rada ya ardhini kuona kina cha kila kitu. Ndege zinazopima kwa miali ya leza huonyesha miinuko ya sentimita chache ambayo mguu hauwezi kuihisi.

Lakini sisemi kwamba kufukua ni kosa siku zote. Bustani ya faragha ya Mfalme William wa Tatu, katika kasri la Hampton Court, ilikuwa imemezwa na miti na vichaka vilivyoachwa vikue ovyo. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilichimbwa yote, na kwa kuwa njia zilikuwa zimebaki njia na vichaka vilikuwa vimebaki ndani ya matuta, kingo za mwaka 1702 zilikutwa zinasomeka. Kulikuwa pia na hati za kutosha za mimea. Ikatengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 1995, na mtu anayeingia pale anatembea kwenye mpangilio wenyewe. Tofautisha na jumba la Kirby, Northamptonshire. Huko nako kulichimbwa kwa uangalifu na Brian Dix, yuleyule aliyesimamia Hampton Court, ila michoro mnayoiona leo imefuata ramani ya bustani ya jumba jingine la zama hizo, Longleat. Ni nzuri kwa macho. Mgeni asipoelezwa, hata hivyo, ataondoka akiamini ameiona bustani ya Kirby.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya Lyveden, pia Northamptonshire. Sir Thomas Tresham alianza kujenga nyumba na bustani yake pale miaka ya 1590, huku akiingia na kutoka kifungoni kwa sababu ya imani yake ya Kikatoliki, na baadhi ya maagizo ya bustani aliyatuma kwa barua akiwa kizuizini. Alifariki mwaka 1605, nyumba haijaezekwa, na mpaka leo haina paa. Baadaye sana, wataalamu walipokuwa wakipekua picha za angani zilizopigwa na jeshi la anga la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na zilizohifadhiwa Marekani, waliona miviringo kumi, mmoja ndani ya mwingine, katikati ya bustani ile. Rubani yule alikuwa na kazi ya vita. Hakujua kwamba amepiga picha ya njia ya mzunguko ya zama za Elizabeth. Ugunduzi ulitangazwa mwaka 2010, na bustani ikapewa daraja la juu kabisa la ulinzi. Watunzaji hawakuchimba. Walikata nyasi tu zifuate miviringo, fupi kwenye njia, ndefu kwenye matuta. Mtu anatembea kwenye mchoro, na chini ya miguu yake kila kitu kimebaki kilivyo.

Kwa kuwa uko karibu na majumba mengi ya aina hii, unaweza kusaidia kuliko unavyodhani. Ukame mwingine ukija, piga picha kutoka mahali pa juu, asubuhi au jioni jua likiwa limelala, na uandike tarehe. Kila jimbo la Uingereza lina ofisi ya kumbukumbu za mazingira ya kihistoria inayopokea taarifa za wananchi. Vipimo vya leza vya serikali kwa sehemu kubwa ya Uingereza vinapatikana bure mtandaoni, na ramani za zamani za karne ya 19 pia. Wanao wakubwa kidogo wangefurahia kulinganisha. Usichimbe wala usipitishe kifaa cha kutafutia chuma bila ruhusa ya mwenye ardhi, kwani kipande cha chungu cha maua kikitolewa mahali pake hakina tena la kueleza.

Kwetu pwani, bustani zilikuwepo bila shaka. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni nje ya mji wa Zanzibar, aliacha maelezo ya ua mkubwa uliokuwa na tausi na swala wakizurura, na michungwa karibu na nyumba za kuogea. Lakini usitegemee nyasi zikuchoree. Udongo wa pwani ni mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, kwa hiyo mwamba wa asili na ukuta wa mtu hukausha majani kwa namna moja, na magofu mengi yamefunikwa na miti, kama Gede. Kinachofaa kwetu ni fitolithi: chembe ndogo za silika zinazojengeka ndani ya majani ya mimea, jamii nyingi za mimea zikiwa na maumbo yake, ambazo haziozi hata katika joto na mvua zinazomaliza mbegu na chavua. Kule Songo Mnara, katika visiwa vya Kilwa, timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilizitumia pamoja na vipimo vya sumaku na kemia ya udongo ili kusoma maeneo ya wazi ndani ya ukuta wa mji, yale ambayo wachunguzi wa awali waliyapita haraka wakienda kwenye misikiti na nyumba za mawe. Kwa bustani za majumba ya masultani, hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo: sampuli za udongo kutoka kwenye nyua zenyewe, kabla hazijamwagiwa saruji.